Msimulizi Asiyeaminika: Tetesi za Korona katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili wamekuwa na desturi ya kuingoja tetesi ipoe kabla ya kuigusa. Ikishazeeka, ikageuka kisakale na kukusanywa vitabuni, hupewa jina na kutafutiwa nafasi miongoni mwa tanzu. Ikiwa ingali moto, inazunguka stendini na kwenye vibanda vya chakula, huachiwa maafisa wa afya na polisi, ambao huiita uongo na kuishia hapo. Makala haya yanakusudia kuzichunguza tetesi zilizosimuliwa kuhusu ugonjwa wa korona katika mitaa ya Eastlands baina ya Machi 2020 na mwisho wa mwaka 2021, kwa kuzichukulia kuwa ni kazi za usimulizi zenye fani, dhamira na hadhira yake. Swali linaloulizwa si iwapo zilikuwa za kweli. Nyingi hazikuwa za kweli, na jambo hilo litasemwa bila ya kumung'unya maneno. Swali ni kwa nini hadhira iliyozoea kuwapima wasimulizi wake iliiona hadithi ya serikali kuwa dhaifu kuliko hadithi ya kinyozi.

Tatizo la kwanza ni la utanzu. M. M. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, alisisitiza kwamba fasihi simulizi haiwezi kuainishwa kwa kuitazama fani peke yake. Muktadha wa utendaji, yaani fanani, hadhira, mahali na wakati, sharti nao uhesabiwe. Msisitizo huo unafaa hapa kuliko popote. Tetesi ya korona ikiandikwa karatasini haizidi sentensi mbili, na huonekana kuwa ni dai tu, tena dai la kijinga. Ikirudishwa mahali pake, kwenye foleni ya maji Kayole, benchi la kinyozi Umoja, meza ya chai katika soko la Burma, au safari ya miguu ya alfajiri kando ya Jogoo Road kuelekea viwandani, hubainika kuwa ni mchezo wa watu watatu. Wa kwanza hutoa kauli. Wa pili hupinga kidogo, kwa kuwa pasipo upinzani soga hainogi. Wa kwanza huleta shahidi wake, ambaye daima ni mtu wa tatu asiyekuwapo: shemeji anayefagia hospitalini, au jirani aliyepelekwa karantini akarudi mzima na amenenepa. Wa tatu hufunga kwa kicheko, na kicheko hicho ndicho muhuri. Hakuna anayeapa kwamba ameamini. Ni muhimu jambo hili lishikwe mapema, maana wengi walioandika juu ya "imani potofu" za wakazi wa mitaa hii walidhani kuwa kila kinachosimuliwa kinaaminiwa, kosa ambalo hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesamehewa kulifanya juu ya ngano za sungura na fisi.

Kati ya dhamira zilizotawala, iliyotangulia ni ile ya ugonjwa wa wenye paspoti. Ilidaiwa kwamba korona ni maradhi ya matajiri, ya wapandao ndege na kulala vyumba vyenye hewa baridi, na kwamba haiwezi kumpata mtu aliyelelewa kando ya mto Nairobi. Dai hili limechekwa sana. Lakini yafaa likumbukwe lilikotoka. Kisa cha kwanza kilichothibitishwa nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, nacho kilikuwa cha msafiri aliyerejea kutoka Marekani kupitia London. Majuma yaliyofuata, taarifa rasmi zilihesabu abiria, hoteli za karantini na tarehe za kutua. Msikilizaji wa Dandora aliyehitimisha kwamba hadithi hii haina mhusika wa aina yake alikuwa ameisikiliza vizuri. Kosa lake lilikuwa ni kudhani kwamba hadithi ingebaki na wahusika wale wale hadi mwisho.

Ya pili, na iliyo bora kisanaa, ni ile ya korona mwenye ratiba. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, mitaani ulizuka mzaha kwamba ugonjwa hutembea usiku tu, mchana hulala. Tashihisi hii ni rahisi, na pengine ilizuka katika miji mingi ya dunia kwa wakati mmoja. Katika Eastlands ilikua. Korona akapewa tabia za afisa: ana saa za kazi, anaheshimu mikutano ya wakubwa, haingii katika msafara wenye king'ora, lakini ni mkali kwa mama anayeuza mboga saa moja na dakika tano. Kafyu iliposogezwa hadi saa tatu usiku mwezi Juni, na hadi saa tano mwishoni mwa Septemba, mzaha haukuhitaji kutungwa upya, kwani serikali ilikuwa imeuongezea sura. Hapa kejeli haimlengi mdudu hata kidogo. Anayelengwa ni karao, na nyuma ya karao, yule anayemtuma. Mtafiti anayeuorodhesha mzaha huu chini ya kichwa "kutoelewa namna virusi vinavyoenea" amesoma tashtiti kana kwamba ni jibu la mtihani wa sayansi.

Tetesi nyingine zinaweza kupitiwa upesi, kwa kuwa hazikuwa na umbo la kipekee: kwamba jua kali na ugali huua virusi, kwamba tangawizi na limau vyatosha, kwamba takwimu hutungwa ofisini ili wafadhili watoe fedha. Hii ya mwisho itarejewa, maana ilikuja kupata ushahidi ambao tetesi nyingi hazijaliwi kuupata.

Kinyume cha soga hii kulikuwa na utanzu mwingine, wa taarifa ya kila siku kutoka Wizara ya Afya, iliyosomwa na Waziri Mutahi Kagwe mbele ya kamera. Taarifa hiyo nayo ni usimulizi na yastahili kuhakikiwa kwa vipimo vile vile. Kifani iliegemea umbo la tarihi: idadi ya sampuli, idadi ya walioambukizwa, mgawanyo kwa kaunti, idadi ya waliofariki, kisha karipio. Haikuwa na mhusika. Mgonjwa hakuwa na jina, jambo ambalo maadili ya udaktari yaliliamuru kwa haki, lakini hakuwa na kazi wala mtaa wala sauti pia. Kwa hadhira ambayo ushahidi wake mkuu ni shemeji anayefagia hospitalini, hadithi isiyo na shemeji ni hadithi ya kutiliwa shaka.

Aidha, nafsi ya msimulizi ilikuwa na kasoro. Kauli ya Waziri iliyopata umaarufu kuliko zote, aliyoitoa Machi 2020, ilionya kwamba wanaoendelea kuishi kikawaida watatendewa na ugonjwa huu mambo yasiyo ya kawaida. Imejengwa kwa ustadi juu ya ukinzani wa neno moja, na ndiyo sababu ilienea nchini kote na kuigizwa kwa mizaha. Hata hivyo, nguvu yake yote inategemea maana ya "kawaida". Kwa mtu mwenye mshahara wa mwezi na jokofu, kawaida ni mazoea, na mazoea yanaweza kuahirishwa. Kwa fundi wa Kariobangi Light Industries au mchuuzi wa Gikomba anayenunua unga wa leo kwa fedha ya leo, kawaida ni mlo. Kumwambia aiache bila ya kumwambia ataishika nini ni kumsimulia mtu mwingine huku ukimtazama yeye.

Msamiati uliotumika ulizidisha umbali huo. "Umbali wa kijamii" ni tafsiri ya neno kwa neno ambayo ilipaswa kumstua mfasiri mwenyewe. Katika Kiswahili cha kawaida kitu "cha kijamii" ni kile kinachohusu mafungamano ya watu, hadhi zao na matabaka yao; basi umbali wa kijamii, kwa mkazi wa Korogocho, ni ule uliopo baina yake na Muthaiga, nao ulikuwapo kabla ya korona na haukuhitaji waziri kuutangaza. "Kutokaribiana" lingetosha, na baadaye wengine walilitumia. "Kitakasa mikono" kilikuja na harufu ya madhabahu, kwa kuwa kutakasa ni kazi ya kidini kabla ya kuwa kazi ya spiriti. "Barakoa" nalo lina historia nzuri: ni vazi la uso la wanawake lililojulikana Oman, Zanzibar na mwambao, ambalo mafasihi wa redio walilichukua wakalipa kazi mpya. Ni neno zuri, lakini mitaani watu walisema "maski", na taarifa iliendelea kusema barakoa kwa mwaka mzima kana kwamba haijapata kusikia. Kutovaa kitu hicho hadharani kulifanywa kosa mwezi Aprili 2020, kwa faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi sita. Faini hiyo inazidi kodi ya miezi kadhaa ya chumba kimoja cha mabati Mathare.

Jambo linalofanana na hilo laonekana katika agizo la kunawa mikono na kukaa nyumbani. Kila agizo lina msikilizaji wake wa kubuni, mtu ambaye maneno yamemkusudia. Msikilizaji wa agizo hili alikuwa na bomba ndani ya nyumba, chumba cha kumtenga mgonjwa, na mlango wa kufunga. Mathare na Korogocho karibu kila mahali, na katika sehemu za mitaa ya kale ya Baraza la Jiji, choo ni cha pamoja, maji huteremshwa kwa mtungi wa lita 20, na chumba kimoja ni jiko, sebule na malazi. Aliyeagizwa kujitenga alitazama pande nne za chumba chake akacheka. Kicheko kile kiliripotiwa kuwa ni ukaidi.

Ili shaka hii ieleweke kwa undani, ni lazima irudishwe katika historia ya mahali. Eastlands yenyewe ni zao la amri za afya. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, soko la Wahindi lilitiwa moto kwa agizo la daktari wa serikali. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza hali ya afya ya miji ya himaya hiyo, naye akapendekeza mji ugawanywe kwa misingi ya rangi, akitoa hoja ya usafi na kinga ya maradhi. Pumwani ilitengwa kuwa makao ya Waafrika katika mkondo huo huo wa fikra, upande wa mashariki, mbali na vilima vyenye upepo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kilibomolewa na wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo, jina ambalo msikilizaji wa Kiswahili hawezi kulisikia bila ya kuhisi mnuno ndani yake. Kwa hiyo, tangu kizazi cha kwanza cha mitaa hii, neno "afya" kinywani mwa afisa lilikuwa na maana ya ziada: ondoka. Riwaya zimelihifadhi jambo hili vizuri kuliko kumbukumbu za ofisi. Katika Going Down River Road (1976) ya Meja Mwangi, vibanda vya maskini huchomwa moto na askari wa Baraza la Jiji, kisha hujengwa tena, kisha huchomwa tena, hadi moto unakuwa kama msimu. Msomaji wa riwaya hiyo hastaajabu kuona kwamba mtu wa Eastlands akisikia serikali inahangaikia mapafu yake, humwangalia kwanza nyuma ya mgongo iwapo hakushika kiberiti.

Mwaka 2020 haukumwachia nafasi ya kujisahihisha. Tarehe 30 Machi, siku chache tu baada ya kafyu kuanza, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko; afisa mmoja alishtakiwa baadaye kwa mauaji. Kufikia mwanzoni mwa Juni, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi ilikuwa imehusisha vifo 15 na utekelezaji wa kafyu. Tarehe 4 Mei, wakati kila redio ilikuwa ikiimba kwamba nyumbani ndiko salama, tingatinga ziliingia Kariobangi na kuwaacha maelfu ya watu bila ya nyumba, katika msimu wa mvua. Siku mbili baadaye Eastleigh ikafungwa, pamoja na Mji wa Kale wa Mombasa, na haikufunguliwa hadi Juni. Mwandishi wa tamthilia akiandika matukio haya kwa mfuatano huu ataambiwa na mhariri kwamba ametia chumvi. Kisha mwezi Agosti vyombo vya habari vikafichua kashfa ya ununuzi wa vifaa vya korona katika shirika la serikali la dawa, KEMSA, ambamo tume ya kupambana na ufisadi ilikuja kutaja zabuni za shilingi bilioni 7.8. Tetesi ya kwamba korona ni biashara, iliyokuwa ikichekwa Aprili, sasa ilikuwa na stakabadhi. Lisemwalo lipo, walisema. Na kwa mara moja methali haikuwa ya kujifariji.

Hapo ndipo uhakiki unapopaswa kuwa mwangalifu. Ni rahisi, na katika miaka ya karibuni imekuwa fasheni, kuisifu shaka ya wanyonge kama kwamba kila anayemshuku mtawala amekwisha kuukaribia ukweli. Shaka ya Eastlands ilikuwa na jicho kali na mantiki fupi. Wakazi walisema: hatujamwona mgonjwa, basi hakuna ugonjwa. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ilikuwa ni ushuhuda wa kweli. Utafiti uliofanywa katika kaya za Nairobi Novemba 2020 ulikadiria kwamba takriban asilimia 35 ya wakazi walikuwa tayari wamekwisha kuambukizwa, na kwamba waliofariki miongoni mwao walikuwa wachache mno wakilinganishwa na miji ya Ulaya, kwa sababu, pamoja na mengine, mji huu ni wa vijana. Ugonjwa ulikuwa umepita katika chumba, umekaa kwenye kitanda, umekunywa chai, na haukuonekana. Aliyekataa kwamba upo alikuwa akiutazama. Na vijana hao wana wazazi na mabibi, wengi wao mashambani, ambao mapafu yao hayakuwa ya miaka 22. Idadi rasmi ya waliofariki Kenya nzima ilizidi 5,600, na hakuna mtu makini anayedhani kwamba wote walihesabiwa. Kicheko cha benchini hakikuwahi kuwafikiria wazee hawa. Ndicho kipofu cha utanzu huu, kwamba mashahidi wake wote ni wa rika moja.

Kasoro hiyo si ngeni katika historia ya tetesi za maradhi Afrika Mashariki. Ukimwi ulipoingia, herufi zake za Kiingereza zilifasiriwa upya Tanzania kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi", na kule Zaire herufi za Kifaransa zikafanywa kusema kwamba hilo ni gonjwa la kubuni la kuwakatisha tamaa wapendanao. Vichekesho hivyo vilikuwa na ubunifu usiopungua ule wa korona mwenye ratiba. Vilisindikiza watu makaburini. Kenya haikuutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa hadi Novemba 1999. Fasihi iliyoandikwa kulikabili janga lile, nyingi yake, ilifanya kosa la taarifa ya Wizara: ilimchukua mwenye shaka ikamfanya mpumbavu, ikampa ugonjwa katika sura ya katikati na kumzika katika sura ya mwisho. Tamthilia ya Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation na kusomwa mashuleni Tanzania kwa miaka mingi, ina nguvu pale inapoonyesha wazazi wanavyogombana juu ya kusema au kutosema. Inadhoofika pale kifo kinapogeuzwa hoja. Marjorie Oludhe Macgoye alikwenda mbali zaidi katika Chira (1997), riwaya ambayo kichwa chake ni jina la Kiluo la laana inayomkondesha aliyevunja mwiko. Kwa kulichukua jina hilo, mwandishi aliwapa heshima watu waliokuwa na neno lao la kuueleza ugonjwa, bila ya kukubali kwamba neno hilo linatosha. Na Meja Mwangi, miaka 24 baada ya vibanda vyake kuungua, aliandika The Last Plague (2000), ambamo mwanamke anayegawa mipira ya kondomu hubishana na kijiji kizima. Kinachoifaa mada hii ni kwamba wabishi wake wana sababu, wana ucheshi, na baadhi yao humshinda kwa maneno. Wanakufa vile vile. Riwaya haiwachekei wala haiwalilii kupita kiasi.

Ingekuwa kazi nyepesi kuishia hapo, kwa kuwa tetesi za mwaka 2020 angalau zilikuwa za nyumbani. Mwaka 2021 mambo yalibadilika, na mabadiliko hayo ni ya kisanaa kadiri yalivyo ya kiafya. Shehena ya kwanza ya chanjo, dozi zipatazo milioni moja na zaidi kidogo, iliwasili Nairobi tarehe 3 Machi 2021. Pamoja nayo zikaja hadithi mpya: kwamba sindano ina kidude cha kumfuatilia mtu, kwamba inafunga vizazi, kwamba aliyechanjwa hatamaliza miaka miwili. Neno lenyewe la Kiswahili lilikuwa na mizigo yake, kwani kuchanja ni kukata ngozi, na mganga huchanja chale kabla ya muuguzi. Lakini tetesi hizi hazikutumia hata utajiri huo. Zikisomwa kando ya zile za mwaka uliotangulia, tofauti huonekana mara moja. Hazina mahali. Hazina shemeji wala jirani wala saa moja na dakika tano. Hazina mzaha, kwa hiyo hazimpi wa tatu nafasi ya kucheka na kujitoa. Zilifika kwa simu, katika sauti zilizorekodiwa na watu wasiojulikana, nyingi zikiwa zimetafsiriwa kutoka ugomvi wa nchi nyingine, na zilirudiwa kama zilivyo. Soga ilikuwa imegeuka mahubiri.

Baadhi ya mahubiri hayo yalikuwa na mimbari halisi. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walikuwa wamepinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, wakidai kuwa imetiwa kitu cha kuzuia uzazi, na hofu hiyo haikuwa imezimika. Machi 2021 chama cha madaktari Wakatoliki, kikiongozwa na Dkt. Stephen Karanja, kiliwataka watu waikatae chanjo ya korona na kushika tiba nyingine, ikiwemo kujifukiza, ingawa safari hii maaskofu walikuwa upande wa chanjo. Dkt. Karanja alifariki kwa korona mwishoni mwa Aprili mwaka huo. Mitaani kifo chake kilipokelewa kwa ukimya, na ukimya huo unasema jambo. Utanzu uliokuwa na mzaha kwa kila tukio haukuwa na la kusema mhusika wake mwenyewe alipoanguka. Ng'ambo ya mpaka hali ilikuwa ya ajabu zaidi: Tanzania iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa tangu mwisho wa Aprili 2020, na Rais Magufuli mwenyewe akasimulia hadharani jinsi sampuli za papai na mbuzi zilivyopelekwa maabara chini ya majina ya watu zikapatikana na ugonjwa. Kama ngano, kisa cha papai hakina mpinzani katika kipindi chote hiki. Kilizunguka Nairobi kwa simu na kuchekwa kila kona. Lakini soga ikishatamkwa na mwenye dola, nani atakuwa yule wa pili, wa kupinga kidogo? Mchezo wa watu watatu ulibaki na mtu mmoja.

Kwa hiyo haifai kuziweka tetesi zote katika kapu moja, kama walivyofanya waliozilaani na waliozitetea. Tetesi ya korona mwenye ratiba ilitungwa na watu waliokuwa wakiangalia; ilikosea juu ya ugonjwa na kupatia juu ya serikali. Tetesi ya kidude ndani ya sindano ilikosea juu ya vyote viwili, na iliwafanya watu wamkimbie muuguzi ambaye hakumpiga mtu risasi wala kubomoa nyumba ya mtu, ambaye mara nyingi alikuwa jirani yao wa Buruburu au Kayole. Shaka ya kwanza ilijua inamshuku nani. Ya pili ilikuwa imesahau.

Kuna kazi ndogo ya sanaa ambayo haijapata kutajwa na wahakiki, pengine kwa kuwa iko ukutani. Aprili 2020, kikundi cha vijana cha Mathare Roots kilichora picha kwenye kuta za Mathare kuwatahadharisha majirani juu ya korona. Picha hizo zilisema yale yale yaliyosemwa na Wizara, maski na maji na sabuni, na kitaalamu hazikuongeza neno. Zilitofautiana nayo kwa jambo moja tu. Ukuta ulikuwa mahali pake, njia ya kwenda kisimani ilipita mbele yake, na aliyetaka kubisha alijua mlango wa kumpata mchoraji.